Mbuyu wa Misheni ya Bagamoyo: uzio uwekwe wapi?

Kila mbuyu ulianza kama mchicha, lakini ni michache ambayo mwaka wa uchicha wake unajulikana. Ule wa Misheni ya Bagamoyo ulipandwa mwaka 1868, mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika kutoka Zanzibar. Shinani mwake kimechomoza kipande kifupi cha mnyororo ambao, kwa masimulizi ya Misheni, Madame de Chevalier aliufungia punda wake mwaka 1895. Mti uliendelea kunenepa, ukaumeza. Wageni hutaka kukishika, na ndiyo maana wapo wanaoona kwamba mti wa namna hii unafaa kuzungushiwa uzio.

Hofu yao si ya bure, kwani mtu mwenye kisu hakosi kutamani kuandika jina lake kwenye gome laini kama lile. Hata hivyo, mbuyu si mwembe: ukibanduliwa gome huota jingine, na ndiyo sababu watu wameweza kuchuna nyuzi zake za kamba vizazi kwa vizazi bila kuuua. Majina yanaudhi macho tu. Hatari kubwa zaidi iko chini, kwa sababu mizizi yake hutambaa karibu na uso wa ardhi, ikavuka mbali eneo la kivuli, na udongo ulioshindiliwa na magari au kufunikwa saruji huinyima maji na hewa. Uzio unaokumbatia shina hauzuii hayo, na kwa mti unaozidi kunenepa, huenda nao ukamezwa.

Wanaopinga uzio husema kwamba mti usiosogelewa hugeuka picha. Nakubaliana nao, ila kwa jambo moja: mti wa mbuyu ni wa sponji, umejaa maji, na unaweza kuoza ndani huku nje ukionekana mzima. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe kuliko yote barani Afrika, 9 ilikuwa imekufa au kuanguka sehemu zake kongwe tangu 2005, wakashuku mabadiliko ya tabianchi. Baadhi yake ilipita miaka elfu moja. Huu wetu, tunaouita mzee, kwa umri wa mibuyu bado ni kijana.

Kwa hiyo fedha ikipatikana, ningeitumia kwanza kumlipa mtaalamu wa miti aupime kila baada ya masika, kisha kuweka vizuizi vya magari nje kabisa ya kivuli, na shina liachwe wazi.