Mbunge wangu wa Arusha achaguliwe na nani?

Jumapili ya tarehe 9 Juni 2024, saa kumi na mbili jioni, niliingia kwenye darasa la shule moja hapa Stuttgart kutazama kura za Bunge la Ulaya zikihesabiwa. Mimi si raia wa Ujerumani wala wa nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya, kwa hiyo sina kura. Jirani yangu Mromania aliyehamia juzi tu anayo, mimi ninayelipa kodi hapa kwa miaka sina. Lakini kuhesabu kura kwao ni jambo la wazi, na yeyote anaruhusiwa kuingia. Mama mmoja wa kamati ya kituo akanionyesha kiti, akaendelea kukunjua karatasi ndefu zenye majina ya vyama zaidi ya 30. Hakuna aliyeniuliza kitambulisho wala aliyenitupia jicho.

Nilitoka pale na furaha, nikapiga simu nyumbani kuisimulia, na kila niliyempata aliniuliza swali lilelile: sasa wewe inakuhusu nini?

Inanihusu, kwa sababu nasi tuna Bunge la Afrika Mashariki kule Arusha, na wabunge wake hatuwachagui sisi wananchi, wanachaguliwa na wabunge wa kila nchi. Matokeo ya Ujerumani yenyewe wengi mliyasikia. Wahafidhina wa CDU na nduguye CSU walipata asilimia 30. AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia kisichotaka wahamiaji, walishika nafasi ya pili kwa asilimia 15.9. SPD ya Olaf Scholz, aliyekuwa Kansela wakati ule, iliambulia 13.9, na Chama cha Kijani, kilichokuwa na 20.5 mwaka 2019, kilishuka hadi 11.9. Magazeti yalijaa habari za hao wakubwa. Mimi macho yaliganda chini ya orodha. Chama cha kutetea wanyama: asilimia 1.4, kiti kimoja. Chama cha Familia: asilimia 0.6, kiti kimoja. Ujerumani ina viti 96 katika bunge hilo, na hakuna kiwango cha chini cha kura ambacho chama lazima kikifikie, kwa kuwa Mahakama ya Katiba ilikifuta kile cha asilimia 5 mwaka 2011, na walipoweka cha asilimia 3 ikakifuta nacho mwaka 2014. Watu wachache, wametawanyika nchi nzima, wamepeleka mtu wao bungeni. Na hakuna mwanachama wa CDU aliyeulizwa kama mtu huyo anamfaa.

Sasa twende Dodoma, Aprili 2017. Mnakumbuka. Tanzania ilikuwa inapata wabunge wake tisa wa Bunge la Afrika Mashariki, na viti viwili vilikuwa fungu la chama cha upinzani, Chadema. Chadema kikaleta majina mawili, Lawrence Masha na Ezekiel Wenje. Wabunge wakapiga kura za ndiyo na hapana, ukumbi wenyewe chama tawala CCM ndio wengi, na wote wawili wakakataliwa. Mwezi Mei uchaguzi ukarudiwa kwa majina mengine, wakapita Josephine Lemoyan na Pamela Maassay. Nakubali kwamba orodha ya kwanza ilikuwa ya wanaume watupu, na hiyo ni hoja ya haki. Wala sina neno na akina mama wale wawili. Ninachouliza ni kwa nini mtu wa kuwakilisha upinzani apite kwenye chujio la wale anaowapinga. Ni sawa na kumwachia mpinzani wako wa kesi akuchagulie wakili.

Najua jibu litakalokuja. "Hata huko kwenu Mjerumani hachagui mtu, anachagua orodha iliyopangwa na chama." Kweli kabisa. Ukipigia SPD, unachukua majina yote kama SPD walivyoyapanga. Lakini yamepangwa na SPD! Tazama yaliyompata Maximilian Krah, aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya AfD. Alisema maneno kuhusu wanajeshi wa SS wa Hitler ambayo hata chama chake yaliwachoma, wakamwondoa majukwaani wiki za mwisho za kampeni. Jina lilibaki kwenye karatasi, watu walipiga kura, akashinda kiti. Baada ya hapo wenzake wa AfD ndio waliokataa kukaa naye kundi moja. CDU na SPD hawakupewa nafasi ya kusema, "Huyu hapana, tuleteeni mwingine."

Na msidhani ninawapigia debe AfD. Chama kile kikishika madaraka, watu wa rangi yangu ndio wa kwanza kujua. Katika majimbo matano ya mashariki waliongoza wao, na asubuhi ya Jumatatu nilipanda treni ya kazini nikiwa na uzito kifuani, nikimwangalia kila aliyekaa mbele yangu. Kwa hiyo anayeniandikia kwamba Ulaya si pepo ananiambia ninalolijua kuliko yeye. Hata hivyo nasema, watu wale wanaonichukia wana haki ya kuchaguliwa na wanaowapenda na kukaliwa kooni na wasiowapenda. Ninawajua idadi yao, ninajua wako wapi, na miaka mitano ikiisha watasimama tena mbele ya wapiga kura.

"Umekaa Ulaya umesahau ulikotoka." Ndugu yangu, ningekuwa nimesahau ningekuwa nahangaika na Dodoma ya 2017 usiku wa manane? Napenda Arusha ile. Najivunia kwamba sisi, na vurugu zetu zote, tuna bunge la nchi nyingi ambalo wengine barani wangelitamani. Lilianza Novemba 2001, likiwa na nchi tatu, kila nchi wabunge tisa. Sheria zake si mapambo. Sheria ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa lori zima, na dereva anayesimamishwa mizani ya Vigwaza au Mikese anaujua ukomo huo kwa machungu ya faini. Muulize dereva huyohuyo awataje wabunge tisa wa Tanzania kule Arusha. Muulize na mwenye lori. Tunashikwa na sheria za watu ambao hawajawahi kuja kwetu kuomba kura, na wala hawana sababu ya kuja, maana kura yao iko kwa wabunge wenzao. Wapambe, mgombea wao akiangushwa kwenye kura za maoni za chama, wanasema wajumbe si watu. Hawa hata wajumbe hawakuwapitia.

Wakenya nao wasicheke. Mwaka 2006 Bunge lao halikupiga kura kabisa, majina yalitoka kwenye kamati tu. Mwanasiasa Anyang' Nyong'o na wenzake wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki, na Machi 2007 mahakama ikasema ule haukuwa uchaguzi kwa maana ya kifungu cha 50 cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachosema Bunge la kila nchi ndilo liwachague hao tisa. Siku hizi wanapiga kura, lakini tazama 2022: Hassan Omar aligombea ugavana wa Mombasa mwezi Agosti, watu wa Mombasa wakamchagua mwingine. Novemba, wabunge Nairobi wakampa kiti cha Arusha. Huenda anafanya kazi nzuri sana. Mpiga kura wa Mombasa, au wa Kenya nzima, aliulizwa lini?

"Sisi bado wachanga, Ulaya wameanza zamani." Hii hoja ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inaonekana ya busara. Bunge la Ulaya lilikaa kwa mara ya kwanza mwaka 1952, na wajumbe wake walikuwa wanateuliwa na mabunge ya nchi zao, sawasawa na sisi. Wananchi walianza kuwachagua wenyewe Juni 1979. Ni miaka 27. Hesabu yetu imeanza 2001, na sioni hata mjadala. Gharama nazo zina dawa. Hapa Baden-Württemberg siku hiyohiyo ya tarehe 9 Juni watu walichagua na madiwani, kwenye vituo vilevile. Sisi tunampigia rais, mbunge na diwani kwa foleni moja. Karatasi ya nne itavunja meza?

Halafu kuna swali ambalo sina ubavu wa kulipuuza, na nimeulizwa na mtu wa damu yangu: baada ya Oktoba 2025, unazungumzia kura ipi? Kwenye uchaguzi mkuu ule wa Tanzania intaneti ilizimwa, na kuna nyumba ambazo matanga hayajaisha mpaka leo. Sitaki kumfundisha mtu aliyefiwa thamani ya kura. Ila sikubali kwamba kwa kuwa ile kubwa imetuumiza, hii nyingine tusiitaje. Bunge la sasa la Arusha lilianza Desemba 2022 na muhula wake ni miaka mitano. Kabla halijaisha, kifungu cha 50 kifunguliwe, na wananchi wa kila nchi wawachague tisa wao, kila chama kikisimamisha watu wake chenyewe. Na asiniambie mtu kwamba kuubadili Mkataba kunachukua karne. Mahakama ya Afrika Mashariki ilipozuia wabunge wale wa Kenya kuapishwa Novemba 2006, marais wa nchi zote tatu walikubaliana kuubadili ndani ya wiki chache, katikati ya Desemba, ili waweze kuwabana majaji.