Jukwaa la wageni: kitu ambacho soka letu halina

Wengi wetu tuliohamia Uingereza tulikuja na timu zetu tangu utotoni: Arsenal, Man United, Liverpool, Chelsea. Ukishatua unagundua kwamba tiketi ya timu hiyo ni ya kuviziwa, na kwamba mechi yake ikichezwa Jumamosi saa tisa alasiri hutaiona hata kwenye televisheni. Kanuni za utangazaji za hapa zinazuia soka mubashara Jumamosi kuanzia saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni, kusudi watu waende viwanjani na vilabu vidogo visife njaa. Jamaa zako walioko kibanda umiza Mbagala wanaiangalia mechi, na wewe unayeishi mji mmoja na uwanja huioni.

Wengi huishia kutafuta viunganishi vya wizi kwenye simu. Mimi nasema wanakosea. Wafanye kile ambacho kanuni ile inataka: washuke madaraja mawili matatu, wachague klabu ya mji wanakoishi, kisha waifuate ugenini. Kitu kizuri kuliko vyote katika soka la Uingereza hakiko Old Trafford wala Emirates. Kiko nyuma ya goli kwenye uwanja wa watu elfu tano, kwenye kona waliyotengewa wageni. Nyumbani kitu hicho hatuna.

Chini ya Premier League kuna EFL, yenye vilabu 72 katika ngazi tatu: Championship, League One na League Two. Kanuni zake zinamtambua mgeni. Klabu mwenyeji inatakiwa kuwatengea wageni angalau tiketi 2,000, au asilimia 10 ya uwezo wa uwanja kama hauchukui watu 20,000. Bei ya mgeni haiwezi kuzidi ya mwenyeji kwa nafasi ya aina ile ile. Mgeni ana geti lake, choo chake na dirisha lake la chai. Klabu ya Barrow ikienda kwa Gillingham, safari inayozidi kilomita 500, hata wakitokea watu tisini tu geti lao litafunguliwa.

Sasa tuangalie kwetu. Simba au Yanga ikienda uwanja wa Mkwakwani, Tanga, majukwaa yanajaa rangi zao, na wengi wa waliozivaa hawakupanda basi kutoka Dar. Ni watu wa Chumbageni na Ngamiani. Coastal Union, mabingwa wa Bara wa mwaka 1988, wanacheza ugenini wakiwa kwao. Tukuyu Stars walitwaa ubingwa huo 1986, Pamba ya Mwanza wakatwaa ule wa Muungano 1990, na miji yao bado ina maelfu ya wapenda mpira, ila mapenzi yenyewe yanalala Kariakoo. Timu ya mkoa ikija Dar, mashabiki wake wachache hutawanyika mzunguko mzima, kila mtu na kiti chake, bila kujuana. Hakuna aliyewafukuza. Ni kwamba hakuna aliyewawekea mahali.

Kwa anayetaka kujaribu huku, utaratibu ni huu. Tiketi ya jukwaa la wageni hununuliwa kwa klabu unayoishangilia, si kwa mwenyeji. Ingia kwenye tovuti ya klabu yako, tafuta ukurasa wa tiketi za ugenini na usome saa ya mwisho ya mauzo. League Two mtu mzima hulipa kama pauni 20 hadi 28, na watoto hulipa kidogo sana. Baadhi ya viwanja bado vinauza dirishani siku ya mechi, mara nyingi kwa nyongeza ya pauni mbili tatu na mara nyingi kwa kadi tu. Noti mfukoni inaweza isikusaidie kitu. Tiketi ikija kwa simu, ipakue na ujaze chaji ukiwa bado nyumbani, kwa sababu karibu na geti mtandao huzidiwa na baridi hula chaji. Usinunue jukwaa la wenyeji ukavaa skafu ya wageni ukidhani watakuelewa. Wasimamizi wenye reflekta watakutoa, na hela hairudi.

Panapoumiza watu ni treni. Tiketi ya bei nafuu inayonunuliwa mapema inakufunga kwenye treni moja tu. Mechi ya saa tisa siku hizi huisha karibu na saa kumi na moja, maana dakika za nyongeza zimekuwa nyingi. Ongeza dakika ishirini au thelathini za kutembea, ongeza msongamano wa getini. Aliyekata treni ya saa 11:15 jioni ataikosa, na atalipa upya nauli kamili. Kata ya 11:50 au baadaye. Mechi za Jumanne huanza saa 1:45 usiku, kwa hiyo angalia treni ya mwisho kabla hujalipia kiingilio.

Hatari nyingine ni baridi kali. Viwanja vya madaraja ya chini kwa kawaida havina mabomba ya kupasha joto chini ya nyasi. Usiku ukiganda, refa hukagua asubuhi, na mechi inaweza kuahirishwa ukiwa tayari ndani ya treni. Tiketi ya mechi itatumika siku nyingine au utarudishiwa fedha, lakini ya treni imekwenda. Desemba na Januari fungua kurasa za vilabu vyote viwili kabla ya kutoka nyumbani. Kwa anayeogopa hesabu hizi kuna basi la mashabiki linalopangwa na klabu, linalokushusha mlangoni na kukusubiri. Sheria ya mwaka 1985 inakataza pombe ndani ya mabasi hayo, na inakataza kunywa mahali popote uwanjani unapoweza kuona mchezo, kwa hiyo kwa familia ni usafiri mtulivu.

Usidhani jina la timu ndilo jina la kituo. Timu ya Grimsby Town haichezi mjini Grimsby. Uwanja wao, Blundell Park, uko Cleethorpes, mji wa jirani. Ukishuka kituo cha Grimsby Town una mwendo wa kama dakika arobaini kwa miguu. Kaa ndani ya treni hadi mwisho wa reli, ushuke Cleethorpes, utembee kama dakika ishirini na tano. Fleetwood hawana treni kabisa, unashuka Blackpool ukapanda tremu.

Blundell Park inanifaa kwa mfano, kwa sababu Afrika Mashariki nzima ililisikia jina lake tarehe 27 Agosti 2025, Grimsby ya League Two ilipoitoa Man United kwenye Kombe la Ligi kwa penalti 12 kwa 11 baada ya sare ya 2-2. Aliingia akitokea benchi Clarke Oduor, Mkenya aliyezaliwa Siaya, na klabu baadaye ikatozwa faini ya pauni 20,000, nusu yake ikiahirishwa, kwa kuwa usajili wake ulichelewa kwa muda usiotimia dakika mbili. Kwa hiyo huku chini si ugeni mtupu kwetu. Haji Mnoga wa Taifa Stars, mzaliwa wa Portsmouth, amecheza Salford City.

Sehemu ya jukwaa kuu la Blundell Park ni ya mwaka 1901. Wageni hukaa nyuma ya goli, jukwaa la Osmond, lenye paa la chini na nguzo zinazoweza kukukata nusu ya goli. Fika mapema, na tiketi isipokupangia kiti kaa mahali ambapo nguzo inaangukia kibendera cha kona, si boksi la penalti. Upepo unatoka mdomo wa mto Humber na hauna mahali pa kuzuiliwa.

Kipo kingine ambacho mtu wa mpira asife bila kukiona: geti la wageni la Luton, Kenilworth Road. Unatembea mtaa wa Oak Road, nyumba za matofali zimeshikana ukuta kwa ukuta, mapazia yanaonekana, pipa la taka liko mlangoni. Ghafla katikati ya nyumba pana uwazi, juu yake vyumba vya kulala, na uwazi huo ndio mlango wa uwanja. Ukishapita unapanda ngazi za chuma, na chini yako ni nyua za watu, nguo zimeanikwa. Klabu iliyokuwa Premier League msimu wa 2023/24 inapokea wageni namna hiyo. Wamepanga kuhamia uwanja mpya, kwa hiyo usikawie.

Utashangaa kwa nini kila kitu kimegawanywa kwa kuta na mageti membamba ya chuma yanayozunguka. Wamefika hapo kwa misiba. Tarehe 11 Mei 1985 jukwaa la mbao la Bradford City liliungua mechi ikiendelea, wakafa watu 56. Tarehe 15 Aprili 1989, Hillsborough, mashabiki wa Liverpool walibanwa hadi kufa kwenye jukwaa la kusimama, na idadi ya waliopoteza maisha ni 97. Baada ya hapo madaraja mawili ya juu yakalazimishwa kuwa na viti pekee, ya chini yakaruhusiwa kubaki na ngazi za saruji za kusimama. Kila sehemu ina idadi iliyoidhinishwa, na geti linahesabu kila mtu anayepita. Kwa hiyo msimamizi akikukatalia kuhamia upande wa pili, ambako viti vimejaa utupu, usimwone mkorofi. Sisi nasi tumezika watu getini. Uwanja wa Nyayo, Nairobi, Oktoba 2010, Gor Mahia na AFC Leopards, wamekufa saba.

Saruji hiyo inavuta baridi kupitia soli. Dawa yake ni kipande cha boksi chini ya viatu, soksi nyembamba ndani na za sufu juu, viatu visibane. Beba koti la mvua lenye kofia, maana mwavuli hauruhusiwi viwanja vingi na jukwaa la wageni wakati mwingine halina paa. Begi lisizidi ukubwa wa karatasi ya A4.

Chakula kinahitaji tahadhari kwa Muislamu. Pai za nyama za viwanjani kwa kawaida si halali, na Bovril, kile kinywaji cheusi cha moto ambacho kila mtu anakishika, ni mchuzi wa ng'ombe. Chipsi nazo ziulizie, kwa sababu kaskazini, hasa Yorkshire, maduka mengi ya samaki hukaangia mafuta ya ng'ombe badala ya mafuta ya mimea. Pai ya jibini na vitunguu ipo karibu kila mahali. Kuhusu swala, mwishoni mwa Desemba upande wa Manchester jua linazama kama saa 9:50 alasiri, kwa hiyo Magharibi inaingia wakati wa mapumziko. Baadhi ya viwanja vina chumba cha swala, na swali hilo uandikie klabu mwenyeji siku chache kabla, usisubiri kumuuliza kijana wa getini.

Na hili liwaingie vijana. Kukimbilia ndani ya uwanja baada ya goli, kurusha kitu au kuwasha fataki ni makosa ya jinai hapa, si utovu wa nidhamu tu. Kesi inaandikwa, na fomu za viza na za uraia zinauliza kuhusu kesi. Furaha ya sekunde kumi inaweza kumharibia mtu makazi. Vilevile ukitukanwa kwa rangi yako usijibizane. Shika namba ya safu na dakika, mwambie msimamizi pale pale, kisha peleka taarifa kwa klabu na kwa Kick It Out, shirika la kupinga ubaguzi katika soka, ambao wanafanya kazi hiyo tangu 1993.

Sisemi nyumbani hatuna kitu. Kwa ngoma, kwa kucheza, kwa kuimba dakika tisini bila kuchoka, jukwaa la wageni la League Two halitufikii. Mihogo na mishikaki ya nje ya uwanja inaishinda pai mara kumi. Na utani wetu ni ustaarabu mkubwa: shabiki wa Simba na wa Yanga wanakaa benchi moja wakitaniana, wanarudi daladala moja. Huku hata skafu tu ya timu pinzani inaweza kukufungia mlango wa baa iliyobandika tangazo kwamba ni ya wenyeji pekee.

Ila kuna dakika moja ambayo ningependa Tanga waione. Filimbi ya mwisho imelia, timu imefungwa manne, mvua inanyesha, na wachezaji wanatembea uwanja mzima kwenda kuwapigia makofi watu tisini waliowafuata. Wanajuana kwa sura. Hilo halihitaji utajiri wa Waingereza. Linahitaji Bodi ya Ligi iandike asilimia 10 kwenye kanuni, geti moja lipakwe neno WAGENI, bei iwe ile ile ya mwenyeji, na Coastal ikienda Dodoma kosta mbili ziondoke Barabara ya Ishirini alfajiri zikiwa na watu wa Tanga wenye jezi ya Tanga.