Tapeti Nyepesi: Gramu Zinazotembea na Gramu Zilizotulia

Injini nyingi za petroli zinazofika Nairobi kutoka Japani hazina makuu kwenye valvu. Tapeti, kipande kinachopokea msukumo wa kamu (nundu iliyo kwenye shafti inayozunguka) na kuupeleka kwenye valvu, ni kikombe kimoja cha chuma, au hakuna kabisa na kazi inafanywa na mkono wa roka, kipande kinachobembea. Injini ya Subaru ya silinda sita, ile ya lita 3.0 iliyowekwa kwenye Legacy na Outback kuanzia 2003, ina mpango mwingine. Upande wa kuingiza hewa kuna vikombe viwili, kimoja ndani ya mwenzake. Kamu ya katikati husukuma cha ndani, valvu ikafunguka kidogo. Kamu mbili za pembeni husukuma cha nje, ikafunguka sana. Pini ndogo inayoendeshwa na presha ya oili ndiyo inayovifunga pamoja. Porsche walikuwa wametangulia na 911 Turbo ya mwaka 2000: valvu hufunguka takriban milimita 3 dereva akienda polepole, 10 akikaza.

Vikombe viwili, pini na springi za ndani vina uzito kuliko kikombe kimoja, na hapo ndipo wahandisi wanapotafuta gramu za kupunguza. Wanazitafuta katika sehemu mbili: gamba la tapeti lenyewe, linalopanda na kushuka, na hausingi ya alumini inayolishika juu ya silinda hedi (kifuniko kizito cha juu ya silinda), ambayo haiendi popote. Hesabu za sehemu hizi hazifanani hata kidogo, ingawa mara nyingi husifiwa kwa pumzi moja.

Tuanze na gamba. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kamshafti, yaani ile shafti ya kamu, huzunguka 3,000, na kila valvu hufunguka mara 50 kwa sekunde. Tapeti nzito inahitaji springi ngumu ya valvu ili ifuate kamu bila kuruka. Lakini springi hiyo haiwekwi na kutolewa. Imo humo pia ukiwa umekwama Mombasa Road saa kumi na mbili jioni, ikikandamiza kamu, na msuguano wake huuma zaidi injini ikizunguka polepole. Yaani dereva asiyewahi kufika mizunguko 6,000 anailipia mizunguko hiyo kila siku. Gamba jepesi linaruhusu springi laini, na faida hiyo inamfikia hata mtu wa foleni.

Ubaya wake uko kwenye pini. Ukuta ukipunguzwa unene, eneo lililozunguka tundu la pini ndilo linalobeba mzigo wote wa kamu kubwa. Pini ikiingia nusu tu, kingo zinalika. Na pini huingia nusu oili ikiwa imechoka. Nairobi oili huchoka kwa saa za foleni kuliko kwa kilomita. Dashibodi inaonyesha kilomita 5,000 wakati injini imekesha ikinguruma pale pale. Kisha kuna oili bandia za mitaani. Hata hivyo dawa yake ni rahisi: oili halisi, mapema. Mimi hapo nauchukua wepesi.

Hausingi ndiyo inayonitia shaka. Alumini ina uzito wa kama theluthi moja ya chuma, ni kweli, lakini hausingi haitembei, kwa hiyo wepesi wake haulainishi springi yoyote. Hata ikipunguza kilo nzima kwenye gari la kilo 1,400, lita moja na theluthi ya petroli kwenye tangi inairudisha. Kisha joto: tundu la milimita 35 kwenye alumini, likipanda nyuzi 100 za Selsiasi, hutanuka kwa takriban milimita 0.08, tapeti ya chuma 0.04. Nafasi inayoongezeka katikati ni ndogo kuiandika, ila nafasi ya awali nayo hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Oili ya moto, iliyokuwa nyembamba tayari, inapata njia ya kutorokea kabla ya kufika kwenye pini. Gari halizimi. Linakosa nguvu tu ukitaka kulipita lori mlima wa Limuru. Magnesi, metali nyepesi zaidi ya alumini, sitaitaja sana: hulegea kwenye joto na huliwa na kutu ikigusana na bolti za chuma.

Wanaoitetea alumini wana hoja moja nzito. Silinda hedi nayo ni alumini, hivyo viwili hivyo hutanuka pamoja bila kuvutana, na njia za oili huundwa humo humo alumini iliyoyeyushwa inapomiminwa kwenye kalibu.

Kuna jambo la Nairobi ambalo hupunguza thamani ya teknolojia yote. Jiji liko juu ya mita 1,700, hewa ikiwa nyepesi kwa asilimia 15 hadi 20 kuliko Mombasa. Ili upate nguvu ileile unafungua mlango wa hewa zaidi, na kwa hiyo injini haijinyongi sana inapovuta hewa. Sehemu ya akiba ya mafuta ambayo valvu inayofunguka kidogo ingeleta imeshaletwa na mwinuko.

Magari hufika hapa yakiwa na hadi miaka minane. Akiba ya mafuta ya miaka ya kwanza ilibaki Japani, uchakavu ukapanda meli. Ningeikubali hausingi ya alumini kwa sharti moja: ifungwe kwa bolti na iuzwe kama spea peke yake, ili tundu likilika fundi wa Kirinyaga Road abadilishe hiyo tu, asilazimike kumtafutia mteja silinda hedi nzima.