Je, Mwana Ana Mwanzo? Ario, Nisea na Mabishano ya Tanga

Aliyewahi kuhudhuria mihadhara ya mlingano wa dini Tanga analijua swali hili, maana halikosi: "Kama Yesu ni Mwana, je, Baba alimtangulia au hakumtangulia?" Mkristo akisema alimtangulia, amekiri kwamba Mwana ana mwanzo, basi si Mungu. Akisema hakumtangulia, anaulizwa huyo ni mwana gani aliye sawa kwa umri na babaye. Watu wanaangua kicheko, spika inakoroma, mada inahama. Mji wenyewe ni wa waja leo, waondoka leo, ila swali hili lilishahamia na kujenga.

Wakristo wengi hulipokea kama swali la Waislamu, na hapo wanakosea tangu mwanzo. Liliulizwa ndani ya Kanisa, na padri, miaka 300 hivi kabla ya Mtume Muhammad kupewa utume. Padri huyo ni Ario wa Aleksandria, Misri, aliyegombana na askofu wake, Aleksanda, kwenye mwaka 318. Hoja yake ilikuwa nyoofu. Mungu ni mmoja, hana chanzo. Mwana amezaliwa, kwa hiyo ana chanzo. Basi yuko upande wa viumbe, hata kama ni kiumbe wa kwanza na bora, ambaye kwa yeye vingine vyote viliumbwa. Kauli iliyomponza ni ile ya kwamba kulikuwa na pale ambapo Mwana hakuwako. Alikwepa kusema "wakati", maana wakati nao ni kiumbe, na yeye alimweka Mwana kabla ya wakati. Hakuwa mtu wa kubabaisha.

Na maandiko anayo. Wakolosai 1:15 inamwita Kristo "mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote". Katika Yohana 14:28 Yesu mwenyewe anasema Baba ni mkuu kuliko yeye. Mithali 8:22 inaisemesha Hekima, ambayo wakati huo ilieleweka kuwa ni Mwana, na katika Agano la Kale la Kigiriki, ambalo pande zote mbili zililisoma, Hekima inasema Bwana aliiumba mwanzoni mwa njia zake. Mashahidi wa Yehova wanaobisha hodi mitaa ya Ngamiani hawamfuati Ario katika kila jambo, lakini wanafundisha kwamba Yesu ndiye kiumbe wa kwanza wa Mungu, na aya wanazofungua ni zilezile. Wengi wetu tunawajibu kwa kurudisha mlango.

Upande wa pili nao haukwenda vitani mikono mitupu. Kuna Yohana 1:1, "naye Neno alikuwa Mungu". Kuna Yohana 8:58, ambapo Yesu anasema kabla Ibrahimu hajakuwako, yeye yuko. Kuna Yohana 17:5, anapoomba utukufu aliokuwa nao kwa Baba kabla ya ulimwengu kuwako. Tatizo ni kwamba kila upande una njia ya kuzifafanua aya za mwenzake, kwa hiyo ile kelele ya "toa andiko!" inaweza kuendelea mpaka usiku wa manane bila kumwondoa mtu alipokuwa.

Atanasi, aliyekwenda Nisea mwaka 325, kwenye mtaguso (mkutano wa maaskofu) uliomhukumu Ario, akiwa shemasi wa Aleksanda na baadaye akarithi kiti chake, aliligeuza swali. Aliuliza: kiumbe anaweza kuokoa viumbe wenzake? Kama aliyekufa msalabani ni kiumbe, Mungu mwenyewe hajatufikia bado, ametuma mjumbe tu. Kisha akagusa ibada. Wakristo walikuwa wakimwabudu Yesu na kubatiza kwa jina lake pamoja na la Baba. Ikiwa Yesu ni kiumbe, jina la ibada hiyo kila mtu wa Pwani analijua: shirki, yaani kumshirikisha Mungu na kiumbe.

Kwangu uzito wote wa hoja uko hapa. Katika hili Atanasi na ustadhi wa Ngamiani wako upande mmoja: kuna Muumba na kuna viumbe, katikati hapana kitu, na kiumbe haabudiwi. Wanachotofautiana ni Yesu yuko ng'ambo ipi. Ario ndiye aliyetaka kukaa mpakani, awe na Mwana wa kuabudiwa ambaye hata hivyo ameumbwa. Mashahidi wa Yehova wameliona shimo hilo na wamelikwepa, kwani ibada wanampa Yehova peke yake. Msimamo wao unashikamana kuliko wa Ario, ingawa unawalazimu kueleza kwa nini Tomaso alimwambia Yesu "Bwana wangu na Mungu wangu" wala hakukemewa.

Dai lingine linalopendwa viwanjani ni kwamba Uungu wa Yesu ulipigiwa kura kwa amri ya mfalme wa Roma, Konstantino. Lina chembe ya ukweli: mfalme ndiye aliyeitisha mtaguso, na waliokataa kutia sahihi walipelekwa uhamishoni pamoja na Ario. Lakini Nisea ilikuwa katika jimbo la Bithinia, na jimbo hilohilo, miaka 200 hivi kabla, lilikuwa na gavana Mrumi, Plinio, aliyemwandikia mfalme wake kwamba Wakristo humwimbia Kristo kama mungu. Tena, kama enzi ndiyo iliyoamua, Ario angeshinda. Konstantino alibatizwa karibu na kufa, mwaka 337, na Eusebio wa Nikomedia, mtu wa upande wa Ario, na mwanawe Konstansio aliupendelea upande huohuo. Atanasi alifukuzwa kwenye kiti chake mara tano.

Turudi kwenye umri. Jibu la Nisea, ambalo Wakatoliki wa Tanga hulitamka katika Nasadiki, kanuni yao ya imani, bila kusita, ni "aliyezaliwa bila kuumbwa". Kuzaliwa huko hakukutokea siku fulani. Ni uhusiano usio na kabla wala baada, kama mwanga unavyotoka kwenye jua bila jua kukaa kwanza gizani. Umri ni mali ya vinavyoishi ndani ya wakati, kwa hiyo swali la nani mkubwa linakosa pa kushika. Naliona jibu hili ni zuri, ila lina gharama: mwanga si nafsi, na Mwana anayesali kwa Baba ni nafsi.

Mwislamu wa Kisunni angepaswa kulielewa vizuri kuliko anavyokiri. Imam Ahmad bin Hanbal alifungwa na kupigwa mijeledi katika mateso yaliyoanza mwaka 833, kwa sababu alikataa kusema Qurani imeumbwa. Msimamo huo ndio uliotawala kwa Wasunni: maneno ya Mwenyezi Mungu yametoka kwake na hayana mwanzo. Maibadhi, Waislamu wa dhehebu jingine ambao historia yao Pwani ni ndefu, wanasema imeumbwa. Kwa hiyo wazo la kitu kitokacho kwa Mungu na kisichoanza si geni msikitini. Ustadhi atajibu, na ana haki, kwamba sifa ya Mungu si nafsi ya pili, kwamba Qurani 3:59 inamfananisha Isa na Adamu, na kwamba Suratul Ikhlas imefunga mlango: hakuzaa wala hakuzaliwa. Tofauti ni kubwa. Ila kile kicheko cha mwana anayelingana na baba hakiimalizi hoja.

Aya inayoibana Nisea kweli ni nyingine, nayo ni Marko 13:32: siku ile hakuna aijuaye, hata malaika, wala Mwana, ila Baba. Atanasi alisema Yesu hakujua kwa ubinadamu wake. Inawezekana, lakini aya inapanda ngazi, malaika, kisha Mwana, kisha Baba, na Mwana anatajwa juu ya malaika, mahali ambapo ubinadamu mtupu haukai kirahisi. Askofu Augustino alisema Yesu alijua, ila hakutumwa kutangaza. Hilo halinishawishi hata kwa kiasi cha lile la Atanasi, kwa sababu andiko linasema hajui, halisemi ananyamaza.