Kuiondoa BHT kwenye Vipodozi na Manukato: Palipo Rahisi na Palipo na Hatari

"Haina BHT" yamekuwa maneno ya kuuzia krimu, mafuta ya mwili na manukato. BHT ni antioksidanti ya kutengenezwa, yaani kemikali inayozuia uoksidishaji: kuharibika kwa mafuta na harufu kwa kukutana na hewa. Hoja iliyo nyuma ya maneno hayo, kwamba BHT huenda ikadhuru mwili, ina mashiko, ila inajibu nusu tu ya swali. Nusu iliyobaki ni hii: antioksidanti hiyo ikiondoka, ni nini kitakachozuia mafuta yasichache na viungo vya harufu visigeuke ndani ya chupa? Na vikigeuka, ngozi ya mtumiaji itapata nini?

Limonini ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya maganda ya machungwa na malimau. Linalooli imejaa kwenye lavenda. Zikiwa safi, ni nadra kuleta mzio. Zikikaa na hewa huzaa haidroperoksidi, aina ya peroksidi, na hizo ndizo zinazowasha ngozi na kuufundisha mwili kukataa manukato kwa miaka mingi ijayo. Ndiyo maana viwango vya IFRA, chombo cha kimataifa cha sekta ya manukato, vinataka malighafi zenye limonini au linalooli kwa wingi ziwe na peroksidi chini ya milimoli 20 kwa lita. Viwango hivyo vinataja pia kinga: asilimia 0.1 ya BHT au ya alfa-tokoferoli (aina ya vitamini E), itiwe wakati malighafi inazalishwa. Mtengenezaji anayeondoa BHT na kuweka kitu dhaifu anaweza kumwondolea mteja hofu ndogo akampa upele wa kweli.

Wanaoipinga BHT hawasemi ovyo. Kwa dozi kubwa, panya waliolishwa walionyesha mabadiliko ya ini na ya tezi ya thairoidi, na shaka ya kuvuruga homoni ikatokana na hapo. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya inayoshughulikia usalama wa walaji, SCCS, iliipitia na mwaka 2021 ikakubali hadi asilimia 0.8 kwenye vipodozi vya kupaka na vya kuosha, 0.1 kwenye dawa ya meno, na 0.001 kwenye dawa ya kusukutua. Viwango hivyo viliingia kwenye sheria kupitia Kanuni 2022/2195. Sasa piga hesabu ya manukato. Mchanganyiko wa harufu ukiwa na BHT asilimia 0.1, nao ukiwa asilimia 15 ya chupa, BHT inayofika kwa mtumiaji ni asilimia 0.015, yaani chini ya kikomo kwa zaidi ya mara 50.

BHA, antioksidanti nyingine ya kutengenezwa, ni kesi tofauti, ingawa majina ya hizo mbili huchanganywa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliiweka kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Uvimbe wenyewe ulitokea kwenye tumbo la mbele la panya, kiungo ambacho binadamu hana, kwa hiyo ushahidi hauhamishiki moja kwa moja. Hata hivyo sioni sababu ya kuitetea wakati mbadala upo.

Mbadala wa kwanza ni tokoferoli, yaani vitamini E, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Kosa kubwa ni kununua tokoferili asetati. Sehemu ya molekuli inayotoa hidrojeni na kukata mnyororo wa uoksidishaji imefungwa na asetati. Vimeng'enya vya ngozi vinaweza kuifungua, lakini ndani ya chupa hakuna wa kuifungua, kwa hiyo mafuta hayalindwi hata kidogo. Kosa la pili ni kudhani kwamba nyingi ndiyo bora. Alfa-tokoferoli ikizidi kwenye mafuta huanza kuchochea uoksidishaji uleule iliotumwa kuuzuia. Mafuta ya alizeti tayari yana alfa ya asili ya kutosha. Kuyaongezea alfa ni kupoteza pesa. Tafuta tokoferoli mchanganyiko za soya, zenye aina za gama na delta kwa wingi, kwa kuwa hizo hulinda mafuta vizuri zaidi, na lenga asilimia 0.05 hadi 0.1 ya tokoferoli halisi. Ikiwa bidhaa uliyonunua ina nguvu ya asilimia 70, kilo 10 za mafuta kwa kiwango cha 0.1 zinahitaji gramu 14.3, wala si gramu 10.

Itie siku pipa linapofunguliwa. Antioksidanti hairudishi mafuta yaliyokwisha kuchacha; inachelewesha tu yale ambayo bado ni mazima.

Dondoo la rozimari, lenye asidi ya karnosiki, hufanya kazi nzuri kwenye mafuta ya kupaka, lakini lina rangi ya kijani-kahawia na harufu ya jani. Usilichanganye na mafuta ya harufu ya rozimari, ambayo hayana asidi hiyo. Askobili palmiteti huifufua tokoferoli iliyochoka, ila kwenye krimu yenye chembe za chuma huweza kugeuka kichocheo cha uharibifu, kwa hiyo iambatanishe na kinasa-metali: EDTA asilimia 0.05 hadi 0.1, au, kwa anayejali kwamba EDTA huoza polepole katika mazingira, asidi ya fitiki. Propili galeti ningeiacha: hugeuka zambarau ikigusa chuma, na ni chanzo kinachojulikana cha mzio, hasa kwenye bidhaa za midomo.

Ipo pia njia ya kati: fenoli (jamii ya kemikali ambamo BHT nayo imo) ya kutengenezwa yenye molekuli kubwa, pentaeritritili tetra-di-t-butili hidroksihidrosinamati, uzito wake takriban 1,178 dhidi ya 220 za BHT. Ukubwa huo huifanya ipenye ngozi kwa shida. Anayekwepa BHT kwa sababu ya kufyonzwa mwilini anapata hoja ya kweli hapa. Anayetaka neno "asilia" kwenye lebo haitamfaa.

Msimamo wangu ni huu: kwenye mafuta ya mwili, mafuta ya midomo na krimu zisizo na harufu nyingi, hamia tokoferoli mchanganyiko bila kusita. Kwenye manukato ya jamii ya machungwa na lavenda, BHT isiondoke mpaka vipimo viseme.

Vipimo vyenyewe visiwe vya mashine zinazopuliza hewa kwenye mafuta ya nyuzi 110 peke yake. Kwenye joto hilo BHT hupeperuka na hewa, ikaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Weka sampuli tatu, moja bila antioksidanti, moja yenye BHT, moja yenye mbadala, kwa nyuzi 40 kwa miezi 3, chupa zikiwa nusu ili hewa iwepo, na nyingine kama hizo kwenye jokofu la nyuzi 4 za kulinganishia. Pima peroksidi kila mwezi, na uliza maabara inatoa jibu kwa kizio gani: milimoli 1 ya peroksidi ni sawa na milikwivalenti 2 za oksijeni tendaji, na anayechanganya hizo mbili atakataa malighafi nzuri au kupitisha mbaya.