Kabla ya Kung'oa, Taya Lipimwe

Nilikuwa na umri wa miaka 34 nilipokwenda kwa daktari kwa mara ya kwanza kwa ajili ya meno yangu ya mbele, ambayo tangu utotoni yalitokeza kiasi kwamba midomo haikufumba bila kuilazimisha. Miaka yote hiyo nilicheka nikiwa nimeziba kinywa kwa kiganja. Daktari alichungulia kwa dakika chache, kisha akanishauri ning'oe meno manne ya juu na kuweka ya bandia. Hakupiga picha, wala hakuligusa taya. Ushauri wa namna ile nauona ni kosa kubwa, na mtu mzima yeyote anayo haki ya kuukataa.

Meno kutokeza si tatizo la aina moja. Huenda meno yenyewe yameinamia mbele juu ya taya lililo sawa, labda kwa sababu ya kunyonya kidole kwa muda mrefu. Au huenda taya la chini ni fupi, nayo meno ya juu yakaonekana yamezidi ilhali yamekaa mahali pake. Watu hao wawili hufanana kwenye kioo, lakini tiba zao ni tofauti, na njia ya kuaminika ya kuwatofautisha ni picha ya eksirei ya kichwa inayopigwa kwa ubavu na kupimwa pembe kwa pembe. Mtoto anayekua anaweza kusaidiwa na vifaa vinavyoongoza taya wakati mfupa ungali unarefuka. Sisi watu wazima nafasi hiyo imekwisha kutupita.

Daktari wa pili, bingwa wa kupanga meno, aliweka rula ndogo kati ya meno yangu ya juu na ya chini, akasoma milimita 9, wakati kawaida ni 2 hadi 3. Picha ilionyesha kuwa taya limerudi nyuma kidogo tu, hivyo nyaya za kupanga meno zingetosha, mradi ning'olewe meno mawili yaliyo nyuma ya chonge, moja kila upande, ili ya mbele yapate pa kurudi. Jino likisukumwa, mfupa huliwa upande unaobanwa na kujengwa upande wa pili, kwa mwendo wa takriban milimita 1 kwa mwezi, na ndiyo maana siwaamini wanaoahidi kumaliza kazi kama yangu kwa miezi mitatu. Umri si kizuizi cha kusukuma meno, ila fizi zinazotoa damu hutibiwa kwanza, kwa kuwa kusukuma jino lenye fizi mbovu ni kulilegeza. Kwa sisi tuliokulia Arusha lipo jambo jingine: meno yenye madoa ya kahawia yatokanayo na floraidi ya maji hayashiki gundi vizuri, na vichuma vyangu, vile vinavyogandishwa kwenye meno ili kushika nyaya, vilibanduka mara mbili, kimoja kikiwa ndani ya tonge la ugali.

Wapo wanaotumia vifuniko vya plastiki angavu badala ya nyaya; hivyo huvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku. Vinafaa kwa meno yaliyopinda kidogo, lakini anayevivua kila mara anapoteza fedha zake.

Kasoro kubwa ikiwa kwenye taya lenyewe, nyaya peke yake haziwezi kuiondoa. Mgonjwa huvaa nyaya kwanza, mara nyingi kwa mwaka au zaidi, kisha akiwa chini ya nusukaputi mfupa hukatwa kwa kupitia ndani ya kinywa, husogezwa, na kufungwa kwa vibati na skrubu za titani. Hufuata wiki kadhaa za uji na supu, na ganzi ya mdomo wa chini ambayo kwa baadhi ya watu haiishi kabisa. Hayo yote aambiwe kabla ya kutia saini. Hata hivyo, sikubaliani na wanaouita upasuaji huo urembo, kama bima yangu ilivyoziita nyaya zangu, kwani mtu ambaye meno yake ya mbele hayagusani hushindwa hata kukata andazi.

Nyaya zangu zilitolewa baada ya miezi 26. Kila usiku navaa kifaa cha kuyashikilia meno, kwa sababu yakiachwa huanza kurudi yalikotoka. Yale manne yaliyotakiwa kung'olewa ndiyo ninayotafunia muhindi wa kuchoma.