Hodi ya Magurudumu Manne

Gari langu ni kubwa kwa umri kuliko mwanangu wa kwanza, na kati yao wawili mtoto ndiye mtulivu. Ni fowili ya kizamani, gari la kusukumwa na magurudumu yote manne, yenye ekseli ngumu (vile vyuma vinavyobeba magurudumu) mbele na nyuma, na springi za vyuma bapa vilivyolaliana kama ndugu sita kwenye godoro moja. Injini haijawahi kunitia aibu. Aibu ilikuwa inatoka chini.

Lilikuwa linabisha hodi. Nikipanda tuta: ngo! Nikikanyaga breki: ngo! Nikiondoka: ngo, halafu unafuata mlio mwembamba mrefu, nyiiii, kama mlango wa stoo unaofunguliwa na mtu anayenyata. Abiria mgeni aligeuka nyuma kuangalia nini kimedondoka. Abiria mwenyeji alishajua kunyamaza kwenye mashimo na kuendelea na hadithi kwenye lami.

Nilizoea. Binadamu huzoea. Tatizo lilianza siku niliyompa lifti mama mkwe. Alikaa kimya mwendo mzima, mkoba mapajani, kila ngo akifumba macho. Tulipofika akashuka taratibu, akaligusa boneti kama anayempima mtoto homa, akasema, "Baba, hili gari linalia au linasali?"

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikanunua shokomzoba 4 mpya.

Ndivyo ilivyo: asiyejua gari akisikia kelele chini husema shokomzoba, kama asiyejua tiba anavyosema ni upepo tu. Nilizifunga mwenyewe, nikajipiga kidole gumba mara mbili, nikaingia barabarani kifua mbele. Tuta la kwanza: ngo! Ile ile, ila sasa ilikuwa na afya zaidi. Baadaye ndipo nikajifunza kipimo ambacho kingeniokolea pesa: kandamiza kona ya gari kwa nguvu, uachie. Likipanda na kutulia, shokomzoba nzima. Likiendelea kunesa kama kitanda cha wageni, imekufa. Zile nilizozitoa nikajaribu kuzisukuma kwa mikono. Zilikuwa nzito, zinabisha kama kijana aliyeonewa. Zilikuwa hazina kosa lolote. Nikaziweka chini ya kitanda, nikawa sizitazami usoni.

Jirani mmoja, mwenye maoni kuhusu kila kitu isipokuwa mbwa wake, akaniambia zile nyiiii ni ukavu. "Lainisha tu." Neno "lainisha" likaniingia vizuri. Nilikuwa na dumu la oili chafu ya injini. Nikajilaza chini ya gari na brashi ya rangi, nikapaka springi, nikapaka bushi (vile vipete vinavyokaa kati ya springi na bolti), nikapaka shakeli (kile kiungo kinachoning'iniza ncha moja ya springi kwenye chesisi), nikapaka na shati langu.

Kimya! Siku tatu nzima gari lilikwenda kama paka. Nikafikiria kumpitia mama mkwe.

Siku ya nne vumbi likaingia kwenye ile oili, likawa uji wa mchanga unaosaga chuma kwa chuma. Nyiiii ikarudi imeleta na wenzake. Kumbe lililo baya zaidi lilikuwa linaendelea kimya kimya: bushi zangu zilikuwa za mpira, na mpira wa kawaida na oili ya injini havikai nyumba moja. Ukinyweshwa oili unavimba, unalainika, unapoteza nguvu. Nilichokuwa nimefanya ni kuwalevya walinzi wangu wote kwa mpigo.

Hapo ndipo nilipomwita shemeji.

Shemeji, mdogo wake mke wangu, alikuwa amekuja kutusalimia kwa siku mbili, na hiyo ilikuwa wiki ya tatu. Nilimweleza shida: ukiwa ndani ya gari masikio yanadanganywa, maana mlio unasafiri kwenye chesisi. Kitu kinagonga nyuma, wewe unakisikia chini ya miguu. Inatakiwa mtu asikilize akiwa nje, gari likitembea. Akafikiri, akasema, "Shemeji, mimi nilikuwa nakimbia sana shuleni."

Basi tukatoka. Mimi kwenye usukani, mwendo wa harusi, yeye pembeni, ameinama, mkono mmoja kwenye mlango, sikio limeelekea gurudumu, anapiga kelele: "Hapa! Hapana, nyuma! Ongeza kidogo! Shemeji, sio hivyo!"

Watu wakasimama kutazama. Nawaelewa. Fowili kuukuu inatambaa, na kijana anaihangaikia kwa jasho huku akiita. Mzee mmoja akanyoosha fimbo kunizuia: "Simama wewe, mpakie mwenzio!" Mbele kidogo mama mmoja akanitazama kwa huruma iliyochanganyika na dharau, akasema, "Kama humtaki, mwambie. Usimkimbize hivyo."

Nilicheka nikasahau kwamba nimekanyaga mafuta. Shemeji akabaki nyuma, akajaribu kuniwahi, akaingia shimo. Akashika kifundo cha mguu wa kushoto, akatoa mlio ambao, wallahi, nilidhani ni wa gari.

Tulimlaza kwenye kochi la sebuleni. Alitoa ripoti yake ya kitaalamu akiwa amewekewa mto chini ya mguu: "Shemeji, linalia pande zote." Tangu siku hiyo maji ya kunywa alipelekewa, chakula alipelekewa, na rimoti ya televisheni ikawa mali yake. Kila nilipopita alichechemea kwa macho.

Kilichonisaidia mwishowe ni chupa ya maji. Fundi mmoja mzee, ambaye nilimkuta akinywa chai na wala hakuinuka, alinipa dawa hiyo bure: gari likiwa limesimama, mtu alineshe kwenye bampa, wewe mwagia maji bushi moja moja. Ile ambayo ukiimwagia inanyamaza, ndiyo mchawi. Maji hayatengenezi kitu, yanaziba mdomo wake kwa dakika chache tu.

Wanangu watatu wakapanda kwenye bampa ya nyuma kuruka. Kazi hiyo sikuhitaji kuwaomba mara mbili. Mimi chini na chupa. Ya kwanza, nyiiii. Ya pili, nyiiii. Nikamwagia shakeli ya nyuma kushoto: kimya. Nilipiga yowe la furaha nikainua kichwa nikakutana na difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli. Lakini nilikuwa nimemkamata.

Kufungua bolti ya shakeli ambayo kutu imeifunga ndoa ni kazi ya siku nzima, na sitaisimulia kwa sababu nyumbani kuna watoto na maneno niliyotumia wanayo tayari. Itoshe kusema kwamba bushi ilipotoka ilikuwa imebaki kama biskuti iliyolowekwa. Nikaona afadhali nibadilishe zote. Kila springi ina sehemu 3 za bushi: jicho, yaani tundu la ncha, la upande uliofungwa kwenye chesisi, na shakeli juu na chini. Springi 4, sehemu 12. Nikainua gari kwa jeki, nikaweka stendi imara chini ya chesisi (jeki peke yake simwamini, hata angekuwa ndugu yangu), ekseli ikaning'inia, nikafunga bushi mpya moja baada ya nyingine. Nikakaza bolti zote kwa nguvu za mtu aliyetukanwa na mama mkwe. Nikashusha gari.

Likakataa kushuka. Yaani lilishuka, lakini likabaki limenyanyuka, kama mtu aliyevaa suruali inayombana akaogopa kukaa. Barabarani lilikuwa gumu, kila kokoto nikalijua kwa jina. Na baada ya wiki chache ukaja mlio mpya kabisa, kroo, kroo, kama kuku anayetaga bila hiari.

Nikarudi kwa mzee wa chai. Safari hii aliinuka. Alilizunguka gari mara moja, akaniuliza swali moja: "Ulikaza likiwa hewani?"

"Ndiyo."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Mwanangu, ukifunga mkanda ukiwa umening'inia kwenye mti, siku ukikaa utajua."

Ndipo akanieleza, na mimi nikatamani ningejua mapema. Bushi ya mpira ya aina ile haizunguki kwenye bolti. Bolti ikishakazwa imeibana katikati, na springi inapocheza, mpira wenyewe ndio unaojinyonga kidogo huku na huku. Ukikaza ekseli ikining'inia, mpira unajua hapo ndipo nyumbani. Ukishusha gari, unakuwa umenyongwa saa zote, hata gari likiwa limelala, mpaka unachanika. Dawa ni kufunga bolti kwa mkono tu, kushusha gari likanyage kwa uzito wake, kulinesha linesheke, ndipo ukaze. Bushi zangu mpya kadhaa zilikuwa zimeshachanika. Nikanunua nyingine, na muuza spea akaanza kuniita mjomba.

Kuna kitu kimoja mzee hakukicheka. Alipoingia chini aliweka spana kwenye yu-bolti zinazofunga springi na ekseli, na nati ikazunguka kwa mkono mmoja bila kubisha. Zilikuwa zimelegea. Ile ngo ya kuondoka na ya kukanyaga breki, niliyoishi nayo miaka, ilikuwa ni ekseli yenyewe ikisogea mahali pake. Alinitazama muda mrefu. "Na unabeba watoto humu?" Sikujibu. Akatia yu-bolti mpya, kwa sababu za zamani zikishavutika hazirudi, akaniamuru nirudi azikaze tena baada ya kilomita mia chache. Nilirudi, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

Basi jioni ile nilitoka kwake nikiendesha gari nisilolijua. Tuta: kimya. Breki: kimya. Nikapita shimo moja kwa makusudi, nikarudi nyuma, nikalipita tena. Kimya. Nilianza kusikia vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia: saa ya kwenye dashibodi, pumzi zangu, redio ambayo kumbe spika moja ilikuwa mbovu.

Nikaingia nyumbani taa za nje zikiwa zimewashwa. Hakuna aliyetoka kunipokea, jambo lisilo la kawaida, maana siku zote kabla sijakata kona ya mwisho televisheni huwa imezimwa, madaftari yamefunguliwa, na mbwa yuko getini. Safari hii mbwa alikuwa amelala chali. Nilimpita.

Nikasukuma mlango wa sebule. Muziki ulikuwa juu. Madaftari yalikuwa yamejengwa goli. Wanangu watatu walikuwa upande mmoja, na upande wa pili, hewani kabisa, miguu yote miwili imeacha sakafu, alikuwa shemeji anapiga mpira kwa kichwa.

Alitua. Mpira ukabingirika ukaja ukanigusa kiatu. Mwanangu wa mwisho akanitazama, akatazama dirishani lilipo gari, uso umejaa mshangao wa mtu aliyesalitiwa na rafiki.

"Baba," akasema, "mbona leo halikupiga hodi?"

Shemeji naye akakunja uso kwa maumivu, akashika kiuno, akaanza kuchechemea taratibu kuelekea kwenye kochi. Mguu wa kulia.